Nilimwibia Mama Sauti Yake Nikamfanya Atangaze Kamari

Makosa ni yangu. Wacha niseme hivyo mapema kabla nianze kujitetea, maana kujitetea ndiyo kazi nimefanya kwa bidii zaidi mwaka huu.

Mimi ni mtu wa studio hapa Nakuru. Kachumba kadogo juu ya duka la misumari na rangi, trei za mayai zimebandikwa ukutani kuzuia mwangwi. Kwaya nyingi za huku zimepitia kwangu.

Mmoja wa wateja wangu nitamwita Mama Tabitha. Mkulima wa mahindi kule Rongai, na kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye upole, ukiisikia unajiona uko nyumbani. Alirekodi nyimbo nane kwangu, na kila akija alikuwa amenibebea mahindi ya kuchemsha. Aliniita "kijana yangu."

Halafu akapata uvimbe wa shingo. Akafanyiwa upasuaji, kidonda kikapona, lakini sauti haikurudi. Akabaki na mnong'ono tu. Nilimtembelea na ndizi, nikasema pole, nikarudi mjini. Mtu wa maana sana mimi!

Baada ya muda akaja jamaa mmoja amevaa suti. Alikuwa anatafutia kampuni ya kamari tangazo la redio.

"Boss, nataka sauti ya mama," akaniambia. "Mama wa kanisa. Mtu akiisikia asiogope."

Si nilikuwa nayo? Kwenye kompyuta yangu nilikuwa na programu mpya ya akili bandia. Unailisha rekodi za mtu, inajifunza sauti yake, halafu unaandika maneno na yeye anayasema. Nikailisha zile nyimbo nane, na maongezi yake ya kati ya nyimbo. Kabla chai yangu ipoe, Mama Tabitha, ambaye hawezi hata kufukuza kuku akasikika, alikuwa anasema: "Mwanangu, weka bahati yako leo, kesho utanishukuru."

Nikajipigia makofi. Kweli!

Mke wangu alisikiliza, kisha akaniuliza, "Umemwambia?"

"Nimwambie nini?" nikamjibu. "Yeye mwenyewe sauti hana. Anaitaka ya nini?"

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, nikacheka.

Tangazo likaingia redioni. Kisha gari la vipaza sauti likalizungusha Rongai siku ya soko, na Mama Tabitha alikuwa papo hapo akinunua mbegu. Watu wakageuka kumwangalia. Akajaribu kusema si yeye. Kwa mnong'ono, katikati ya soko! Nani angemsikia?

Jumapili iliyofuata kanisa likamwondoa kwenye uongozi wa akina mama. Jirani yake, ambaye bwana yake anacheza kamari, akaacha kumsalimia. "Kumbe ulificha sauti uiuzie hao," alimwambia.

Siku chache baadaye alipanda ngazi za studio na binti yake, Tabitha. Mimi nikavaa uso wa biashara.

"Niwekee nisikie," akanong'ona.

Nikampa vifaa vya masikioni. Akasikiliza. Akaomba tena. Mara ya tatu akafumba macho, machozi yakaanza kutoka.

"Nilikuwa naongea hivi?" akaniuliza. "Nilikuwa nimesahau."

Akaelekeza kidole kwenye kompyuta.

"Hii mashine inaweza kuita mtu jina?"

"Inaweza, mathe."

"Mjukuu wangu alizaliwa baada ya upasuaji. Sijawahi kumwita jina akanisikia nikiwa mbali. Ungeniuliza, kijana yangu, hilo tu ndilo ningekuomba."

Hapo mtu mwenye akili angepiga magoti. Mimi nilifungua kabati nikatoa faili! Nikamwonyesha karatasi aliyosaini wakati wa albamu, nikasema, kwa Kiswahili sanifu kabisa, kwamba rekodi zote ni mali ya studio.

Tabitha akaipiga picha ile karatasi. "Asante," akasema. "Tutaihitaji."

Wakapeleka malalamiko kwa ofisi inayosimamia ulinzi wa data. Mimi nikakimbilia wakili nikiwa na faili langu kwapani, kifua mbele. Akasoma, akavua miwani.

"Rekodi ni zako," akaniambia. "Sauti si yako. Sauti ya mtu ni data yake binafsi, na hapa alikubali nyimbo nane za injili tu. Idhini ya hii nyingine iko wapi?"

"Lakini ni kompyuta ilisema, si yeye."

"Mwambie hivyo mwenye kusikiliza kesi," akasema, "halafu unitumie video nione uso wake."

Jamaa wa suti nilimpigia hadi nikachoka. Hapatikani mpaka leo.

Uamuzi ulipotoka, niliamriwa kuondoa tangazo na kumlipa fidia. Niliuza spika na maikrofoni zote mbili. Tabitha alisoma ule uamuzi kanisani, na mama yake akarudishiwa nafasi yake. Kwaya nazo hazikunirudia. Mke wangu bado ananipikia, ila akiniona nimeshika simu karibu naye huwa anaacha kuongea. Nyumbani kwangu!

Kosa la mwisho nalo nilikaribia kulifanya. Nilitengeneza rekodi ya Mama Tabitha akimwita mjukuu wake jina, nikadhani itakuwa njia ya kuomba msamaha. Nikampigia Tabitha kumwambia. Akauliza, "Hii umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza.

Kesho yake alikuja, akakaa kando yangu, nikafuta kila kitu akiangalia. Alipoinuka alibeba zile nyimbo nane halisi. Mama yake hakuja. Alituma ujumbe wa maneno mawili: "Nimekusamehe. Usinipigie." Mimi bado nayasikia yote mawili, na la pili ndilo linauma.

Kwa hivyo wewe mwenye studio, mwenye kamera, mwenye kompyuta yenye akili kuliko wewe: kabla uchukue sura au sauti ya mtu, muulize. Usimuulize wakili wako, wala faili lako. Muulize yeye, umwangalie usoni, na akisema hapana, uende nyumbani. Ni dakika mbili tu. Mimi nilikuwa na haraka, sasa nina siku nzima na hakuna mteja.