Itika, Hata Ndege Akiruka

Mdogo wangu Ambakisye, kuna siku ya mlimani ambayo sijaisahau hadi leo. Kesho mjomba anakupandisha Rungwe kutazama ndege, nami nakuandikia kwa sababu kwa mdomo sitaweza. Unanijua. Nimekuzidi miaka michache tu, lakini mkubwa ni mkubwa.

Siku hiyo mimi na mjomba tulitoka Lupepo asubuhi kumtafuta mla nzi wa msituni, kandege ka kijivu kenye kishungi. Wako wanaofanana naye, ila hao hutulia tawini, wakafuata nzi, wakarudi palepale. Huyu hatulii. Kila mara hufungua mkia, na pembeni unaona weupe.

Sheria ya mjomba ni moja. Mmoja akiingia porini, mwingine anabaki njiani akiita, na aliyeingia lazima aitike. Akanitania, "Macho unayo, Tusa. Mdomo umeuacha kwa mama?"

Nikaona kijivu, nikaingia. Ukungu ukashuka.

"Tusa!"

"Abee."

Nikasogea tena. Ndege akatua mbele yangu, karibu kabisa.

"Tusa!"

Nikanyamaza. Nikiitika ataruka, nikawaza, ngoja kwanza afungue mkia. Akafungua. Weupe huo hapo.

Mjomba akaita tena na tena, na sauti haikutoka njiani. Ilitoka chini, kwenye korongo. Ameacha njia kunitafuta. Kisha tawi likavunjika, mawe yakaporomoka, kimya.

Mdogo wangu, kimya kile usiombe.

"Abee mjomba! Abee!" Nililia huku naita. Sikuona hata miguu yangu.

Baadaye sana, kutoka chini: "Usisogee. Wewe itika tu."

Nikaitika mpaka koo likakauka, naye akapanda kwa kufuata sauti yangu, akishika mizizi. Alifika ana matope mpaka kichwani, kiganja kinatoka damu. Akakaa.

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Mkia una weupe pembeni."

"Ndiye." Akapumua. "Yeye angerudi, mwanangu. Mimi nisingerudi."

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile nusura livunjike la mkuu mwenyewe.

Basi Amba, ukiitwa, itika, hata ndege uliyemsubiri asubuhi nzima akiruka. Usione aibu ya sauti yako. Mungu akutangulie kwenye ukungu, na jioni nikusikie mlangoni ukipiga hodi. Nitaitika mimi wa kwanza.