Mkufunzi wa Miamvuli Aogopaye Ngazi

Katika chuo cha maofisa wa jeshi, karani wa kumbukumbu za mafunzo aliitwa Bwana Subiri. Jina hilo alipewa na wanajeshi. Kompyuta yake ilikuwa kongwe, ukiiuliza ofisa fulani amesoma kozi gani, inakoroma weee, naye karani hutabasamu kwa haya na kusema, "Subiri kidogo, afande."

Mkewe naye alisubiri. Alikuwa fundi cherehani katika mji wa mbali, akimwona mumewe wakati wa likizo tu. Kila karani alipoomba kustaafu, mkuu wa chuo alijibu lilelile: "Ukiondoka, nani atamwamsha huyo bibi kizee? Mfumo mpya ukianza, nenda zako."

Hatimaye mfumo mpya ukaja, na chuo kikaajiri fundi wa kuutunza, mwanamke kijana mwenye mimba kubwa na mdomo mchangamfu. Kumbukumbu zote zikahamishwa. Karani kitanda akamwachia jirani, sanduku akaja nalo ofisini. Akampigia mkewe palepale, mbele ya fundi.

"Safari hii ni kweli, mama watoto."

"Wimbo huo naujua," mkewe akacheka. "Lakini mashuka nimefua."

Ilibaki kumtoa karani kwenye orodha ya watumishi. Mkuu wa chuo akaja kushuhudia. Fundi akabonyeza, mfumo ukakataa: huyu ni mkufunzi, ana kozi ambazo hazijafungwa, haondoki.

"Mkufunzi wa nini?" mkuu akauliza.

Fundi akasoma kwenye kioo cha kompyuta. "Mizinga. Kuvuka mito. Kuruka kwa miamvuli." Akageuka. "Mzee, wewe umeruka na mwamvuli?"

"Mimi hata ngazi ya kubadilishia taa nashikiwa," karani akasema.

Mkuu akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. Karani hakucheka. Alishaelewa. Kompyuta ya zamani haikupokea kozi isiyo na namba ya mkufunzi, na wakufunzi walikuwa watu wa kuhamahama: leo yupo, kesho kapelekwa mpakani, namba yake haijaletwa. Kila mkuu aliyepita pale alikuwa na dawa ileile: "Weka yako kwa sasa, tutarekebisha." Akaweka. Hakuna aliyerudi kurekebisha.

"Basi mfute tu," mkuu akasema.

"Nikimfuta, afande, kozi zitakosa aliyezifundisha, na mfumo utahesabu hazikufanyika. Maofisa wengi watarudi kuwa wanafunzi."

Mkuu akaiweka kofia yake sawa. Naye alisomea hapohapo.

"Watafutwe wakufunzi wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Mpaka hapo, haondoki mtu."

"Afande, wengine wameshafariki," karani akasema kwa sauti ndogo.

"Anza na walio hai." Akatoka.

Chumba kikawa kidogo ghafla. Karani alisimama kando ya sanduku lake kama abiria aliyeachwa. Fundi akamwonea huruma.

"Mzee, mfumo unataka namba ya mtumishi yeyote wa hapa. Naweka yangu kwa sasa, wewe uyawahi hayo mashuka. Nikitoka likizo ya uzazi nitarekebisha polepole."

Kidole chake kilikuwa tayari. Karani akautazama mlango, uko wazi. Hakutakiwa kusema lolote. Kunyamaza tu kungetosha, na kunyamaza ndiko alikokujua maisha yake yote. Macho yakamshuka kwenye lile tumbo lililogusa ukingo wa meza.

"Toa mkono, mwanangu."

"Kwani nini? Si kwa sasa tu?"

"Hiyo 'kwa sasa' naijua. Ilinikuta nina nywele."

Akalisukuma sanduku kwa mguu chini ya meza mpaka likagonga ukuta, akavuta kiti.

"Nisomee wa kwanza aliye hai."

Kabla fundi hajafungua kinywa, simu ikaita mfukoni mwa karani. Alijua ni nani.

"Subiri kidogo, mama watoto," akasema hata kabla ya salamu.

Upande wa pili akasikia cherehani ikianza kushona tena.