Gari Nililolichagua Kama Maksai

Nasema mwenyewe, maana mwingine anayeujua ukweli huu wote ni mjukuu wangu Anastazia tu, naye hatausema. Anauguza kwenye zahanati njia ya Laela, na mkubwa wake alishamwonya kwamba akichelewa tena atamwondoa. Tukatafuta gari lililokwisha tumika, la bei nafuu, la kwenda na kurudi kila siku. Fedha ilikuwa ya mahindi yangu, basi mchaguzi nikawa mimi.

Muuzaji aliliwasha asubuhi ya baridi, likatoa moshi mzito nyuma. Nikafurahi. Maksai anayepuliza mvuke puani asubuhi ndiye mwenye nguvu ya kuvuta plau.

Fundi tuliyekwenda naye akasema, "Bibi, injini hii inakula oili. Haitafika mbali."

"Wewe umeshalima na maksai wangapi?" nikamwuliza. Nikahesabu fedha, nikalinunua.

Wiki ya pili nililipanda na Anastazia akienda kazini, ili nijisifu. Katikati ya njia injini ikagonga, ikazima moja kwa moja. Tulikaa hapo mpaka jua likawa kali, ndipo gari la mkubwa wake likasimama.

"Anastazia, nilikuonya. Leo naandika barua ya kukuachisha kazi. Nani alikuchagulia mkweche huu?"

Anastazia akaniangalia, akainamisha kichwa. "Nilichagua mwenyewe."

Mimi, mzee mzima, nikatazama barabarani.

Mkubwa akanigeukia kwa heshima. "Shikamoo, bibi. Pole. Watoto wa siku hizi hawasikii la mkubwa."

Nikaitikia, "Marahaba, baba."