Kitako cha Gorogoro

Muuza mahindi wa soko la Busia hupima huku akiwatazama wapita njia: anachota kwa gorogoro, kopo lake la kupimia, anamimina, anaongeza konzi, na kicheko chake bado hakijaisha. Kabla hajaokoka, gorogoro lake lilikuwa limebonyezwa kitako kwa ndani ili lichukue kidogo, na soko zima lilijua. Alipookoka alinunua jingine, lakini kwa muda mrefu alimwita jirani ashuhudie kila kipimo, maana aliuogopa moyo wake mwenyewe.

Juzi Abbo, mteja aliyemkimbia enzi zile, alivuka mpaka kutoka Tororo, akaligeuza gorogoro na kupapasa kitako.

“Mimi najua wewe, mama.”

“Papasa tu, dada. Hata mimi niliupapasa moyo wangu hivyo kila asubuhi, mpaka nikaona kwamba Aliyeubadilisha hakuubadilisha nusu.”

Abbo akafungua mfuko. Mahindi yalipomiminika, wote wawili walikuwa wakiwatazama wapita njia, si kipimo.