Siku Waliyoambiwa Niko Fainali

Niliporudi Temeke baada ya miaka mingi ya kuishi Kanada, nyumba ya wazazi wangu sikuitambua. Mtaa ulikuwa umebanana, na pale nilipokumbuka uwanja wa mchanga palisimama ghorofa la vyumba vya kupanga. Nikamwonyesha dereva wa bodaboda picha ya geti niliyokuwa nayo kwenye simu. Aliitazama mara moja tu akacheka.

"Si useme tu kwa Mama Bingwa, sista."

Nilidhani amekosea. Lakini alinishusha kwenye geti lile lile la kwenye picha, na aliyetoka kunipokea, huku kanga imemwanguka begani kwa haraka, alikuwa mama yangu. Tulilia kwanza. Habari ya jina hilo nikaisahau mpaka kesho yake, jirani alipopita na kuita kwa sauti, "Mama Bingwa, mgeni kafika salama?" Mama akajibu, "Kafika, tunamshukuru Mungu," wala hakunitazama.

Niseme mie ni nani. Nilizaliwa hapa Temeke, mtoto wa pekee wa fundi seremala aliyekuwa na karakana yake Keko, kando ya barabara, na mkewe. Wote wawili ni watu wa kusini. Nilipokuwa na miaka tisa, mama yangu mdogo, ambaye ni muuguzi, alinichukua Kanada nikasome. Chini ya majengo tuliyokaa kulikuwa na viwanja viwili vya tenisi ambavyo yeyote aliruhusiwa kuvitumia. Nilianza kupiga mpira pale kwa sababu ya upweke tu, sikuwa na wa kuongea naye. Mwalimu mmoja akaniona, akanipeleka klabu. Nilipofikisha miaka kumi na minane nilikuwa na pasi ya Kanada, bendera ya Kanada mbele ya jina langu, na tenisi ikawa kazi yangu mpaka kifundo cha mkono wa kulia kilipokataa.

Kazi hiyo watu wanaijua kwa wale wanaoonekana kwenye televisheni. Mie nilikuwa wa chini yao sana. Nilicheza miji midogo ambayo hata wenyeji wake wangeshangaa kusikia kuna mashindano. Nililala kwenye nyumba za watu waliojitolea kutupokea, mara nyingi chumba cha chini, na mbwa wao akija kuninusa miguu. Nguo nilifua kwenye sinki. Wachezaji wa daraja langu walianzia kwenye mchujo, yaani mechi za kugombea nafasi ya kuingia kwenye mashindano yenyewe, na mara nyingi safari yangu iliishia hapo hapo. Mara moja tu niliingia kwenye mashindano makubwa ya dunia. Nikatolewa raundi ya kwanza. Kamera ilipita uwanjani kwetu ikielekea kwingine.

Ndiyo maana jina lile lilinichoma. Wiki ya kwanza mama alinipeleka kila mahali: kanisani, sokoni, kwa mshona nguo. Kila tulipofika, mtu alisema, "Ndiye huyu bingwa wa dunia?" Wengine waliomba kupiga picha na mimi. Mwanamke mmoja muuza samaki alinishika mkono wa kulia, akaugeuza kiganja, akawaita wenzake waje kuuona. Alikuwa ameshika pale pale penye mshono wa upasuaji. Nikacheka naye, kisha nikaona aibu kwa kucheka.

Nilijaribu kusahihisha. Shule ya msingi ya jirani waliniita nikaongee na wanafunzi, na mwalimu mkuu aliponitambulisha kuwa bingwa wa dunia nilisema mbele ya watoto wote, "Hapana, mwalimu, sikuwa bingwa."

Akageuka kwa watoto, uso unang'aa. "Mnaona? Watu wakubwa hawajisifu! Mpigieni makofi."

Wakapiga makofi. Mie nikasimama pale nikiangalia viatu vyangu.

Nyumbani nilimuuliza mama nani aliyeanza kuniita hivyo. Alikuwa anapepeta mchele. "Watu," akasema. "Watu wa Dar unawajua? Ukicheza kidogo tu ushakuwa bingwa." Nikaridhika na jibu hilo kwa sababu lilinifaa. Nilijua aibu yangu ni yangu peke yangu, na kwamba siku nitakayopata nafasi ya kusema kwa utulivu, watu wakinisikiliza, itaisha.

Nafasi ilikuja Jumamosi. Jumuiya yetu, zile familia za Kikatoliki za mtaani zinazosali pamoja kila wiki nyumba kwa nyumba, ilikuwa na zamu ya kusali kwetu. Watu walikuja asubuhi na mapema, umande bado uko kwenye viti vya plastiki tulivyopanga uani. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu kutoka bara, mama mwenye sauti ya darasani na miwani iliyofungwa kamba. Baada ya masomo na sala za kuombea marehemu, baba yangu akiwemo, alifunga kitabu na kunigeukia.

"Leo tuna baraka," akasema. "Mtoto wetu atupe ushuhuda. Atuambie Mungu alimfikishaje fainali ya dunia."

Nilisimama. Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Niliwaambia sikuwahi kufika fainali ya dunia, wala nusu fainali, wala robo. Niliwaeleza mchujo ni nini. Nilifungua simu, nikawaonyesha orodha ya ubora ya mwaka wangu mzuri kuliko yote, na jina langu huko chini, na simu ikapita mkono kwa mkono. Watu waliitazama kwa heshima, kama wanavyotazama picha ya mgonjwa. Nilisema sipendi kupewa sifa nisiyostahili, naomba wanisamehe kama nilikaa kimya. Kadiri nilivyosema ndivyo kifua kilivyozidi kuwa chepesi. Niliongea vizuri. Kiswahili changu, ambacho wanawake wa mtaani walikuwa wakikicheka, siku hiyo hakikunikwama hata kidogo.

Nilipokaa, hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alivua miwani.

"Samahani, mwanangu. Sasa ile fainali ya siku za msiba wa baba yako?"

"Fainali gani?" nikauliza.

Maneno hayo mawili nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko mpira wowote nilioupiga nje ya mstari. Mzee mmoja aliyefanya kazi na baba Keko, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akasema taratibu, bila hasira, "Tuliambiwa tuzike, mtoto yuko fainali ya dunia. Sie wengine tulitaka tumsubiri. Mama yako ndiye aliyesema hapana."

Wote walimgeukia mama. Alikuwa akitazama mikono yake. Kisha akainuka, akasema, "Ngoja nilete chai," akaingia ndani. Tulisubiri. Chai haikuja. Mwenyekiti alifunga kwa sala fupi, watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakiniaga mie, si mwenye nyumba.

Nilimkuta mlango wa nyuma, amekaa kwenye ngazi, chupa ya chai imejaa pembeni yake.

Hapa inabidi nieleze jinsi nilivyopata habari za kifo cha baba. Alianguka karakanani, hakuamka. Mimi nilikuwa kwenye mji mdogo wa Marekani, nina mechi ya kwanza ya mchujo. Nilicheza, nikashindwa, nikampigia mama mdogo kumwambia nimeshindwa, naye ndipo aliponiambia. Baba alikuwa amekwisha kuzikwa. Nilipouliza kwa nini hawakuniambia mapema, alisema dada yake, yaani mama, alimkataza. Niliamini walifanya hivyo kwa sababu ya umbali. Sikuuliza zaidi. Wala sikuwahi kujiuliza mama aliwajibu nini watu waliojaa chini ya turubai, wakimuuliza mtoto yuko wapi.

"Ulijua haikuwa fainali?" nikamuuliza pale kwenye ngazi.

"Nilijua."

"Mama mdogo alikwambia?"

"Aliniambia ni mechi ya kuingilia tu." Alisema polepole, kama anayetaja ugonjwa. "Mwanangu, kamati ya mazishi ilikuwa imekaa hapa. Wanauliza tuzike lini, mtoto anafika lini. Wajomba zako wamesafiri kutoka kusini usiku kucha. Niwaambie nini? Niwaambie mtoto wa pekee wa marehemu haji kwa sababu ya mechi ya kuingilia?"

"Si ungeniambia mie, nikaja?"

"Ungekuja."

"Ndiyo, ningekuja!"

"Na usingerudi tena kucheza." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Ulinipigia wiki ile, ukalia. Ukasema mkono unauma, ukishindwa hii unaacha. Umesahau? Nikaona ukija kuzika utaacha, halafu maisha yako yote utasema uliacha kwa sababu ya maiti ya baba yako. Sikutaka awe yeye. Kama ni kuacha, uache kwa kushindwa mwenyewe."

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilimpigia.

"Basi nikasema fainali," akaendelea. "Neno lilinitoka tu. Mjomba wako mkubwa akasema, kama ni fainali ya dunia basi, marehemu mwenyewe angekataa mtoto atolewe. Wakakubali, tukazika. Baadaye wanakuja kutoa pole wanauliza, je, alishinda? Nikasema alishinda. Ningesemaje? Baba yake kazikwa bila mtoto, halafu mtoto naye kashindwa?"

Mechi ile ilichezwa uwanja wa mwisho, ule ulio jirani na maegesho ya magari. Waliotazama walikuwa mama wa mpinzani wangu na wachezaji wawili waliokuwa wakingoja tumalize waingie wao. Ilikwisha chini ya saa moja. Kwa ajili hiyo, baba yangu alishushwa kaburini na mikono ya watu wengine. Na aliyenibebea mzigo wa kuieleza, nimetoka kumvua nguo uani kwake mwenyewe, mbele ya watu anaosali nao, ili mimi nijisikie vizuri.

Nilimwomba radhi. Akasema, "Umesema kweli, mama. Mtu haombi radhi kwa kusema kweli." Alivyosema hivyo ndivyo nilivyozidi kutaka ardhi ipasuke.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia kwa ufupi tu, na waliomwita Mama Bingwa wakawa hawamwiti chochote. Jumamosi ilipofika akasema mguu unamuuma. Jumamosi ya pili pia mguu. Mie nikaenda nyumbani kwa mwenyekiti, nikampa shikamoo, nikamweleza yote: simu niliyopiga nikilia, mkono, na kwa nini mama alifanya vile. Nilitegemea atalainika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia soda.

"Nimekuelewa," akasema. "Lakini mimi ndiye niliyesimama kaburini nikasoma wasifu wa marehemu. Nikasema mwanawe yuko fainali, watu wakalia. Wewe hukunidanganya. Aliyenidanganya aje mwenyewe."

Nilirudi nyumbani na sikumwambia mama nilikokuwa. Nadhani alijua, maana mtaani kwetu mtu hawezi kunywa soda kwa jirani bila habari kufika.

Jumamosi iliyofuata niliamka nikakuta kitanda chake kimetandikwa na kitenge chake cha jumuiya hakipo kwenye kamba. Alikwenda peke yake. Alichowaambia sikijui mpaka leo. Hakunisimulia, na wao pia hawakunisimulia. Najua tu kwamba alirudi jua limeshakuwa kali, macho mekundu, na mfuko wa mbaazi mbichi aliopewa na mtu. Alimwaga mbaazi kwenye ungo, akakaa kwenye mkeka uani, nami nikakaa tukamenya.

Halafu akaniuliza jambo ambalo katika miaka yote ya kazi yangu hakuwahi kuniuliza, kwa sababu kwenye simu tuliongea afya na chakula tu.

"Siku ile ulichezaje?"

"Siku ipi?"

"Siku ile ya msiba."

Nikamwambia. Ilibidi nianze mbali, maana hakujua hata kwamba mechi inagawanywa kwenye seti, na anayeshinda seti mbili ndiye mshindi, wala kwa nini mchezaji anaruhusiwa kuanzisha mpira mara mbili. Nilitumia mbaazi kumwonyesha mistari ya uwanja, na ganda moja likawa wavu. Nilimweleza upepo ulivyokuwa ukivuma kutoka maegeshoni, jinsi mpinzani alivyogundua mapema kwamba mkono wangu unauma akawa ananipigia upande huo huo kila mara.

"Mshenzi," mama akasema.

"Hapana, ndivyo tunavyofanya. Hata mie ningefanya."

"Aa. Halafu?"

Nilimweleza mwisho wa seti ya kwanza, ule mchezo niliokuwa karibu kuushinda, na mpira uliogonga wavu ukaangukia upande wangu. Alishika kifua. Nilisimulia huku mashavu yakinichoma, kwa sababu ilikuwa mechi mbovu, na sasa aliyeilipia alikuwa anaitazama. Lakini hakuonekana kuipima hivyo. Aliuliza tu yaliyofuata.

"Na huyo msichana aliyekushinda," akasema baadaye, "yeye alifika wapi?"

"Alitolewa kesho yake."

Mama alitikisa kichwa, akarusha ganda pembeni.

"Maskini," akasema. "Na kwao pia walikuwa wanasubiri." Akavuta ungo karibu. "Haya, seti ya pili."