Vuta Wewe Kwanza

Kabla ya uchaguzi, Kamau alikuwa kama mtu wa nyumba kwetu Lindi, kijiji kimoja cha mtaa wa mabanda. Kila Jumanne alitoka mtaa wa Kawangware na pikipiki, mtungi mdogo wa oksijeni ameufunga nyuma kwa mipira, akaita mlangoni, "Gesi ya mathe imefika!" Mama, aliyechoka mapafu kwa moshi wa kukaanga samaki, alimtania kwamba anamuuzia upepo. Kisha alimpa chai.

Matokeo yalipotangazwa, watu wakaanza kuulizana majina, maana jina hutaja kabila. Hata mimi niliwaangalia majirani kwa jicho la pembeni, nao wakaniangalia vivyo hivyo.

Mtungi wa mama ukakaribia kuisha. Midomo yake ilianza kubadilika rangi. Nilimpigia Kamau nikijua vizuri ninamwomba nini. Akakubali. Nilitoka mbio kumpokea pale kijiji jirani cha Raila, penye kizuizi cha mawe.

Nikakuta wameshamzunguka.

"Umebeba nini?" Aliyeuliza ni Otieno, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.

Kamau, kwa mazoea, akajibu, "Ni gesi tu."

Wiki ile gesi kwetu ilikuwa ya aina mbili: ya polisi, na ya kuchoma nyumba.

"Ni oksijeni ya mamangu!" nilipiga kelele. "Otieno, si unamjua mathe?"

"Mathe namjua. Huyu wa Kawangware simjui."

Akafungua koki yote. Wakainusa.

"Haina harufu. Hii ni sumu, wanataka kutumaliza!" mmoja wao akapaza sauti.

"Vuta wewe kwanza," Otieno akamwambia Kamau.

Kamau akavaa barakoa ya mama iliyokuja na mtungi, akavuta. Wakamkodolea macho wakingoja aanguke.

"Vuta tena."

Akavuta. Niliona mshale wa kipimo ukishuka.

Walipotuachilia, mtungi ulikuwa karibu mtupu. Mama alipumua vizuri kidogo tu, akamshukuru Kamau kwa jina. Kabla ya jioni alituacha.

Siku ya kumsafirisha nyumbani, Otieno alibeba jeneza hadi kwenye gari, akalia kutushinda sisi watoto. Nilimchungulia usoni nijue kama anaelewa alichomwaga pale Raila. Sikuona kitu.

Bado ni majirani. Asubuhi huniambia, "Sasa, siz," kana kwamba mimi ni dadake, nami humwitikia. Sijawahi kumuuliza. Naogopa atasema hakujua, na mimi nitalazimika kumwamini.