Maharage Kwenye Trei ya Mayai

Jumapili sikosi misa, na jambo hili nimeliungama mara mbili. Padre alinisamehe. Mimi bado.

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa nasoma masomo ya jioni hapa Runazi, mama mtu mzima katikati ya vijana. Mwalimu aliniita Mama Mihogo. Siku moja akatugawia kurasa za gazeti la sayansi, kila mtu akaeleze yake. Yangu ilihusu atomi zilizopozwa mpaka karibu zisimame, zikashikiliwa na mwanga. Sikuelewa kitu.

"Ukishindwa usirudi," akasema. "Kamenye mihogo."

Shambani kwangu kulikuwa na kibarua Mrundi. Kwao alikuwa mwalimu wa fizikia. Kibali cha kutoka kambini hakuwa nacho, akikamatwa ni jela, na mke wake alikuwa karibu kujifungua. Nikampa ile karatasi. Akaweka jembe chini, akaomba trei ya mayai, akatia maharage kwenye vishimo, matatu matatu.

"Vishimo hivi ndiyo mwanga, mama, maharage ndiyo atomi. Sasa wanasayansi wanabadilisha nguvu ya sumaku kidogo kidogo. Ikifika kipimo fulani, mawili yanashikana, la tatu linapigwa teke, yote yanaruka nje."

"Wanaonaje, na atomi ni ndogo hivyo?"

"Hawaoni yakigongana. Wanahesabu yaliyobaki. Yakipungua ghafla, kipimo ndicho hicho." Akaokota maharage yangu. "Ila usinitaje, mama."

Jioni nikaeleza na trei yangu mkononi. Mwalimu akakunja uso.

"Umeiba wapi hii? Kichwa hicho cha mihogo?"

Darasa likacheka. Ningenyamaza tu, kunyamaza si uongo. Lakini nilitaka wajue sikuiba.

"Kanifundisha kibarua wangu, Mrundi. Mwalimu kama wewe."

"Kama mimi? Mkimbizi?"

Asubuhi mgambo wakaja. Walimkuta anakunywa uji, wakamfunga kwa kamba ya mbuzi wangu. Hakubishana nao. Aliniangalia, akasema, "Mama, nilikuomba."

Siku ya tatu mke wake akafika kwa miguu, tumbo mbele, akaniamkia shikamoo, akauliza kama namjua mume wake. Nikasema simjui. Akaomba maji. Nikampa, akanywa amesimama, akaniombea baraka kwa Mungu.